Kisu Kimoja cha Kazi Zote

Kisu chenyewe kilinunuliwa Lushoto mjini, siku Tobia alipompeleka mkewe Jenoveva hospitali kuchukua majibu. Huku Mtae watu wakiisimulia habari hii huanzia kwa ng'ombe, na wakianzia kwa ng'ombe wanaishia kumlaumu Zuberi. Mimi naanzia kwenye kisu.

Majibu yalikuwa mabaya. Uvimbe kwenye kizazi. Daktari alitumia maneno yake, lakini Jenoveva alipotusimulia alikusanya viganja viwili kama mtu anayepokea kabichi, akasema, "Hivi." Akapewa tarehe ya kupasuliwa Moshi, akaonywa asiichezee tarehe hiyo, maana damu aliyokuwa akiipoteza haikuwa ya mtu wa kungoja mavuno. Tobia hakuwa na la kufikiria sana. Alikuwa na kitu kimoja cha kuuza, Madoa, ng'ombe wake wa maziwa. Mbaraka mwenye bucha alikuwa ameshamzunguka Madoa, akampiga kofi la mgongo, wakapeana mkono. Angekuja kumchukua siku chache kabla ya safari, ili nyumba iendelee kunywa maziwa mpaka mwisho.

Basi siku hiyo ya majibu wamekaa kwenye benchi la mama muuza chai, chai ya Jenoveva imepoa haijaguswa. Akamwambia mumewe, "Si ulisema unataka kisu? Nenda kanunue."

"Leo?"

"Leo. Ukiendelea kuniangalia hivyo nitalia mbele za watu, na mimi sitaki kulia Lushoto."

Kisu kilikuwa kesi ya nyumba ile mwaka mzima. Tobia alikuwa na tabia ya kubeba kisu cha jikoni kwenda nacho shamba, kukata kamba, kukata kabichi, kufungua gunia la mbolea, halafu anakisahau juu ya jiwe. Jioni Jenoveva anataka kukata kitunguu, kisu kimelala bondeni, anamwita akakilete. Panga haliingii mfukoni, wala huwezi kwenda nalo kanisani. Alitaka kisu cha kukunja, cha kukaa mfukoni kama ufunguo.

Pale sokoni akamkuta Zuberi, jirani yake, ameshauza karoti zake na anatafuta wa kuzungumza naye. Zuberi ndiye mchinjaji wetu. Kuku wa mgeni, mbuzi wa harusi, ng'ombe wa msiba, wote wanapita mkononi mwake, wa Mwislamu na wa Mkristo. Huku kwetu hata Mlutheri wa kuzaliwa ukimchinja ng'ombe wako mwenyewe, nyama utaila peke yako mpaka ikuozee. Nusu ya kijiji haitaigusa, na mwenye bucha hataitia kwenye mizani. Kwa hiyo mtu anayejua makali ya kisu kuliko Zuberi, Mtae hayupo.

"Mgosi, nisaidie kuchagua," Tobia akamwambia, kama wanaume wa huku wanavyoitana.

Muuza visu alikuwa Clemence, mtu wa maneno mengi, ametandaza turubai chini amepanga visu, tochi, kufuli na viwembe. Akanyanyua kisu kimoja kinang'aa kama jino la dhahabu.

"Hiki hapa wazee wangu. Kina tochi, kina kifungua soda, kina kijiko, kina mkasi."

"Choo kinacho?" Zuberi akauliza.

"Eeh?"

"Nauliza hiki ni kisu au gesti."

Watu wakacheka, hata Clemence akacheka. Zuberi akachuchumaa. Alikunja na kukunjua kimoja kimoja. Akishakifungua anakitikisa karibu na sikio, asikie kama kinacheza kwenye ekseli yake. Kikicheza anakirudisha. Kisha anakandamiza mgongo wa ubapa aone kama loki inashika. "Hiki kitakufungia vidole," akasema juu ya kimoja. "Siku una kamba ya ng'ombe mkono huu, kisu mkono huu, kinajikunja chenyewe, unarudi nyumbani na vidole vinne." Makali aliyajaribu kwa kuyapitisha juu ya ukucha wa dole gumba. Kisu kikiteleza hakifai, kikishika kinafaa.

Vikabaki vya aina mbili. Kulikuwa na vidogo vya bei chee, vyepesi, vya mpini wa plastiki. Na kulikuwa na kimoja cha mpini wa mti, ubapa wenye urefu wa vidole vinne vilivyolazwa, chuma kizito, loki inalia ka! kama mlango wa gari. Kwa bei ya hicho kimoja ungepata viwili vya plastiki.

"Chukua hivi viwili," Zuberi akamwambia.

"Si vya plastiki hivi ni bati?"

"Bati linanoleka. Kimoja weka cha shamba na jikoni, kingine weka kando. Mtu mwenye mifugo hawi na kisu kimoja, mgosi. Mimi kile changu cha kuchinjia, mke wangu Hawa akikikatia nyanya nalala msikitini."

"Wewe ni mchinjaji. Mimi nataka kisu cha kufungulia gunia."

"Sawa. Mimi nimesema."

Clemence akaona biashara inaponyoka, akaingia kati. "Mzee, usimsikilize jamaa yako. Kisu kimoja, kazi zote! Hiki utawarithisha wajukuu."

Tobia akalipa cha mpini wa mti. Sitamlaumu. Siku hiyo alikuwa ameambiwa jambo baya, na mtu aliyeambiwa jambo baya hupenda kushika kitu kizito.

Na kisu kilikuwa kizuri, hilo tuliseme. Wiki nzima Tobia hakuwa na habari nyingine. Akikaa na watu, ka! Akimenya plamu, ganda linatoka moja refu mpaka chini. Sisi tukamtania kwamba ameoa mke wa pili. Jenoveva mwenyewe akadakia, "Huyo ana nafuu, haumwi."

Ikaja sherehe ya kipaimara cha binti wa Evelina, dada yake Tobia. Nyumba ilijaa, na mimi nyumba ikijaa ndipo ninapopumua. Mbele ya nyumba walikaa wageni wote na majirani Waislamu, kwa ajili yao alichinjwa mbuzi, kwa mkono wa Zuberi, kwa kisu cha Zuberi, akapikwa kwenye sufuria zake. Nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kulikuwa na ile nyama nyingine. Kila mtu anajua ipo, hakuna anayeitaja. Ndivyo tunavyoishi. Wanaoitaka wanazunguka nyuma kama wanakwenda kujisaidia, wanarudi midomo inang'aa.

Nguruwe alikuwa mkubwa na kisu cha Evelina butu. Jenoveva, pamoja na maumivu yake, ndiye aliyekuwa anasimamia huko nyuma. Akamwita mumewe, "Baba Janeth! Hebu lete hicho kisu chako cha kujidai!"

Tobia akakileta. Ka! Wakakipigia makofi. Kikapita kwenye ngozi, kikapita kwenye mafuta, kikapita kwenye maungio kama kinakata mkate. Baadaye Tobia akakifuta kwa jani la mgomba, akakisuuza kwenye ndoo, akakirudisha mfukoni. Mbele ya nyumba Zuberi alikuwa anakula pilau na kusimulia uongo wake wa siku zote.

Mvua zikaanza. Zilikuwa siku mbili kabla ya Mbaraka kuja kumchukua Madoa.

Mnajua mashamba yetu yalivyo. Nyumba ziko juu kwenye ukingo wa mlima, mashamba yananing'inia chini yake, na mtu akipanda kutoka bondeni anafika ulimi nje. Tobia alikuwa amemfunga Madoa kwenye mti ukingoni mwa shamba lake la viazi, ale majani ya pembeni. Udongo ulikuwa umelewa maji. Ukingo ukameguka, Madoa akaondoka nao. Kamba ilimshika kidogo, ikakatika. Alianguka tuta kwa tuta mpaka kwenye mawe yaliyo juu ya korongo, na huko akalala mgongo umekatika. Miguu ya nyuma haikuwa yake tena. Kichwa kilikuwa kizima, macho mazima, analia.

Tobia akashuka kwa makalio. Alipomwona alijua mara moja kwamba ng'ombe huyu hatasimama. Lakini alikuwa hai, na ng'ombe aliye hai anachinjika. Akichinjwa, Mbaraka ataleta vijana na magunia, nyama itapanda bucha, na Jenoveva atapanda basi la Moshi. Akikata roho mwenyewe ni kibudu, cha mbwa.

Akapiga kelele. Zuberi alikuwa anapalilia maharage shamba la pili. Akaja mbio na jembe begani, kofia imemwanguka.

"Bado anapumua?"

"Bado. Mchinje, mgosi. Mchinje upesi."

Zuberi akajipapasa kiunoni kama mtu aliyepotelewa. Kisu chake kilikuwa nyumbani, juu kabisa, kimefungwa kwenye kitambaa ndani ya sanduku. Mkononi ana jembe.

Huku kwetu hatuhitaji simu. Sauti ya bonde inapanda. Zuberi akaweka viganja mdomoni, "Hawaaa! Leteni kisu changu! Ng'ombe wa Tobia kaanguka!" Hawa, mkewe, akajibu kutoka juu kwamba anamtuma mtu. Sisi wote tuliokuwa ukingoni tukasogea kusikiliza. Jenoveva alikuwa amelala ndani, akatoka kashika ukuta.

Madoa akatoa pumzi ndefu yenye povu jekundu. Zuberi akamtazama, akatazama njia ya kutoka juu, inavyozunguka na utelezi wake. Kisu hakitawahi. Alilijua hilo, amewaona wengi wakifa.

"Kisu chako kiko wapi?" akauliza.

Tobia akakitoa. Ka! Zuberi akakipokea, akapitisha makali kwenye ukucha. Yalishika. "Kidogo, lakini kitafika," akasema. Akamgeuza Madoa shingo kuelekea kibla, akamkalia bega, akamwambia Tobia ashike pembe. Akavuta ngozi ya koo kwa mkono wa kushoto, akafungua mdomo aseme Bismillah.

"Zuberi," Tobia akaita.

"Shika pembe."

"Zuberi, hicho kisu siku ya kipaimara kilikata nguruwe."

Zuberi mwenyewe ndiye aliyenisimulia kipande hiki. Anasema alibaki kafungua mdomo. Ng'ombe chini yake anahema, kisu kiko mkononi, na neno limeshasemwa.

"Ulikiosha?"

"Nilikisuuza. Kwenye ndoo."

"Mara saba, Tobia. Mara saba, na moja ni ya udongo. Una maji?"

Tobia alikuwa na chupa ya maji ya kunywa, nusu. Zuberi akachota udongo, wakakisugua kisu kwa tope, mpini na mfereji wake wa kukunjia na kile kitundu cha ekseli, maana kisu cha kukunja kina matumbo. Wakamwagia. Moja. Wakamwagia. Mbili. Walikuwa wanabana maji kama dawa ya mtoto. Tatu. Ya nne, maji yakaisha.

"Maji!" Zuberi akapaza sauti kwenda juu. "Njooni na maji!"

"Maji ya nini?" Hawa akauliza kutoka huku ukingoni.

"Ya kuosha kisu!"

"Kina nini?"

Jibu halikupanda. Na huku juu kila mtu akaelewa, maana nusu yetu tulikuwa kwenye migomba ile siku ile, na kisu tulikipigia makofi. Nikamtazama Jenoveva. Alikuwa amekaa chini, pale pale kwenye tope. Akasema, hakumwambia mtu, "Mimi ndiye niliyekiita."

Kule chini Tobia alishalikimbilia korongo. Kijito kilikuwa chini ya mawe, akaanguka, akajaza chupa, akapanda kwa magoti. Zuberi amekaa na kichwa cha Madoa mapajani, anamsemesha Kishambaa, maneno ya kumbembeleza mgonjwa. Tobia akafika, akamimina. Tano. Akamimina. Sita. Madoa akanyoosha mguu wa mbele, mmoja, taratibu, kama anayejinyoosha usingizini. Zuberi akaweka kiganja puani mwake. Akakiweka tena.

"Mimina," akasema.

Tobia akamimina mara ya saba. Kisu kikatakata, kisafi kuliko vyote Mtae.

Waliposhuka wale wenye kisu cha sanduku, na Mbaraka nyuma yao, aliyepata habari akaja na pikipiki na kuiacha juu, waliwakuta wawili hawa wamekaa kila mtu na jiwe lake. Mbaraka alikuwa na magunia begani. Akatazama shingo ya ng'ombe, nzima. Akamtazama Zuberi, kisu kinachuruzika maji mkononi.

"Nani kachinja?"

Wapo wanaosema angeweza kudanganya. Kumpitisha kisu Madoa angali na joto, damu ingetoka kiasi, nani angejua. Tobia alikuwa anamtazama Zuberi, na kwa jinsi alivyomtazama, Zuberi anasema, hata yeye alilifikiria.

"Katutangulia," akajibu.

Mbaraka akakunja magunia yake. Hakusema neno baya. Akamshika Tobia bega, akasema, "Pole, mgosi," akaanza kupanda.

Walichimba shimo pale pale. Wengine walisaidia, wengine walinong'ona kwamba nyama ni nyama, lakini walinong'ona. Watu walipoondoka wakabaki wawili na jembe moja, wanapokezana kufukia. Hapo ndipo Zuberi alipolisema. Aliniambia baadaye kwamba bora angeumwa na nyoka kuliko kulisema, lakini alilisema.

"Mbona ulisema, Tobia?"

"Ungekula wewe. Wangekula watoto wako."

"Mimi sikukuuliza."

Tobia akaacha kufukia.

"Sikukuuliza makusudi," Zuberi akasema. "Nilikuwa kwenye kipaimara. Harufu ilifika mbele, na makofi niliyasikia. Sikujua yanapigiwa nini, na sikutaka kujua. Shaka haimnajisi mtu. Kama si wewe kusema ningechinja, ningekula, na Mungu wangu asingekuwa na neno na mimi. Ukishaniambia, ndugu yangu, nifanyeje?"

Tobia akachukua jembe akaendelea kufukia, na alifukia vizuri, akishindilia kwa mguu, mpaka udongo ukawa sawa na mwingine.

Alipofika nyumbani sisi wanawake tulikuwa tumejaa sebuleni. Nani angemwacha Jenoveva peke yake? Hawa alikuwa amemwosha miguu tope, amempa uji, hakuunywa. Tobia akasimama mlangoni na tope mpaka kwenye nyusi. Hakujua kwamba tulisikia. Bonde lilikuwa limemsahaulisha kwamba sauti inapanda.

"Shikamoo," akamwamkia mama yake Hawa aliyekuwa karibu na mlango, kwa sababu adabu haikosekani hata siku ya msiba. Kisha akamwambia mkewe, "Tulimkuta ameshakufa. Hapakuwa na la kufanya."

Tukatazama miguu yetu. Mtu huyu asubuhi ile ile alisema kweli iliyomgharimu ng'ombe, na sasa anadanganya mbele ya mashahidi kumi, apate kumpumzisha mkewe. Hawa alikohoa. Nilimkanyaga kidole.

Jenoveva alimtazama mumewe. Angeweza kumwuliza juu ya kelele za maji. Angeweza kumwambia lile alilolisema ukingoni.

"Basi," akasema. "Nenda kanawe, ule."

Tarehe ya Moshi ilifika na ukungu wake. Tulichangishana, kanisani na msikitini, na Zuberi ndiye aliyezunguka na kofia, nyumba kwa nyumba, hakuruka hata moja. Kilichopatikana kilitosha nauli ya kwenda kuomba tarehe nyingine. Wamepewa, iko mbali. Jenoveva hatoki nje siku hizi, ila anapenda tuje tumzungumzishe, na tunakuja, nyumba inajaa kama zamani, na kila mtu anaongea sana.

Kisu kiko kwa Zuberi. Tobia alikipeleka mwenyewe, akisema kitamfaa kazini, ni kisafi. Zuberi amekifunga kitambaa akakiweka sandukuni, mbali na kile kingine. Hawa ananiambia hajakichinjia hata kuku. Na Tobia amerudia kisu cha jikoni. Jioni ukipita utamwona anashuka bondeni kukitafuta juu ya mawe, na Jenoveva hamwiti tena.